Kamera ya video huku Kisumu na magharibi: vile utaitunza na kuitumia bila hasara wala kuumia

Kamera nyingi za huku kwetu haziharibikii kazini. Zinaharibikia nyumbani, ndani ya begi, chini ya kitanda ama juu ya kabati, mwenyewe akidhani zimepumzika. Kazini unaichunga, hata mtoto akiikaribia unaruka, lakini ukifika nyumbani usiku kutoka matanga ya Siaya umechoka, unatupa begi kwa kona, na begi lenyewe limenyeshewa, na hapo ndipo shida inaanza pole pole bila kelele. Mwongozo huu ni wa mtu ako na kamera ya kazi ama ya familia, iwe kamkoda ya mkono, iwe ile ya kubadilisha lenzi, na anaishi Kisumu, Homa Bay, Kakamega, Busia ama Nakuru. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakuonya kuhusu theluji. Sisi kinachotumaliza ni unyevu, vumbi, stima na ile mvua ya saa tisa mchana.

Fangasi kwanza

Naanza na fangasi maanake hiyo ndiyo inamaliza lenzi nyingi na watu hawaijui mpaka picha ianze kuwa na ukungu. Ni kuvu inaota ndani ya lenzi, katikati ya vioo, mahali kitambaa chako hakifiki. Inapenda giza, joto na hewa nzito, na hiyo ni Kisumu kabisa, sanasana mvua ya Machi mpaka Mei na ile ya Oktoba mpaka Desemba. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 kwa muda mrefu, kuvu inapata nafasi ya kuota. Sasa fikiria begi lenye sponji nene limelowa kidogo tu, umelifunga zipu, umeliweka kwa kabati la mbao linalogusa ukuta wa nje. Humo ndani maji hayana pa kwenda.

Kuangalia ni rahisi. Toa vifuniko vyote viwili vya lenzi, washa tochi ya simu, ingiza mwanga kwa nyuma halafu tazama kutoka mbele ukiinamisha lenzi pole pole huku na huku. Vumbi utaliona kama vidoti, hilo usikoseshwe usingizi, kila lenzi iko nalo. Fangasi inatokea kama utando wa buibui, nyuzi nyembamba zimetawanyika kutoka mahali pamoja, na mara nyingi inaanzia pembeni mwa kioo ndio ukitazama katikati pekee hutaiona. Ukiiona peleka kwa fundi mapema, usingoje pesa ya msimu wa harusi, kwa sababu ile kuvu inatoa asidi ambayo inakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na ikishakula, hata fundi akiosha, alama inabaki milele. Wakati unangoja, hiyo lenzi ikae kivyake mbali na zingine.

Kuzuia hakuhitaji kabati la maelfu. Nunua kontena ya plastiki ya kuwekea vyakula, ile kubwa ya kifuniko chenye mpira na vibanio pande zote, weka kamera ndani bila begi lake, weka vifuko vya silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Lenga asilimia 40 mpaka 50. Usishindane kushusha zaidi, chini ya 30 mipira na grisi ya ndani zinaanza kukauka. Kama unaweza pata silika zile za kubadilisha rangi chukua hizo, zikishiba maji zinabadilika unajua zimechoka, unazikausha kwa moto mdogo na kutumia tena. Zile za bluu zinazogeuka pinki zina kobalti ambayo ni sumu, kwa hivyo usizikaushie kwa sufuria ya kupikia na zisiachwe mahali mtoto atafikia. Na tafadhali hizi mambo za kuweka kamera kwa mchele wachana nazo, mchele haunyonyi unyevu kwa nguvu unayodhani na unaacha unga, unga unaingia kwa vishimo vya vifungo na kwa pete ya zumu.

Begi lianikwe. Ukirudi kazini fungua zipu zote, toa vile vigawanyo vya sponji, acha likae mahali hewa inapita. Halafu tumia kamera. Hata kama huna kazi, itoe kila wiki, iwashe, zungusha zumu, rekodi dakika chache. Kamera inayotembea inapata hewa na mwanga, na kuvu haipendi vitu hivyo.

Kuna hii nyingine ya hoteli. Umefanya kazi kwa ukumbi wenye eisii, ile mashine ya kupoza hewa, tangu asubuhi, kamera imepoa kabisa, halafu wageni wanatoka nje kupigwa picha na ile joto ya mchana, na wewe unakimbia nao. Kwa dakika moja lenzi imejaa ukungu, na kile umeona juu ya kioo kiko pia ndani kwa sakiti. Dawa yake ni kufunga kamera kwa mfuko wa ziploki ikiwa bado ndani ya baridi, toka nayo, ngoja kama nusu saa ishike joto la nje, ndio ufungue. Maji yatashika nje ya mfuko. Kama ratiba haikupi nusu saa, omba waandalizi mapema usimame karibu na mlango, ama uwe na kamera ya pili iliyobaki nje.

Vumbi, na vile unasafisha kioo

Nakuru wanaelewa hii kuliko sisi. Januari na Februari upepo ukishuka kutoka Menengai mpaka mjini, kila kitu kinabadilika rangi. Na vumbi la bonde la ufa si udongo wa kawaida, kuna majivu ya volkano ndani, chembe ngumu zenye makali, ukizisugua juu ya lenzi umepiga msasa. Ndio maana mtu wa kupangusa lenzi kwa tisheti mimi huwa nashika mkono wake.

Utaratibu ni huu na usiruke hatua. Kwanza puliza kwa kile kipulizio cha mpira cha kubonyeza, kamera ikitazama chini ndio vumbi lianguke. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Pili tumia brashi laini kwa kile kimebaki, na hiyo brashi usiguse nywele zake kwa vidole, mafuta ya ngozi yatahamia kwa kioo. Tatu, kama kuna alama ya kidole ama tone la maji lililokauka, hapo ndipo unaweka tone moja la maji ya lenzi kwa kitambaa cha maikrofaiba, tone liende kwa kitambaa, lisiende moja kwa moja kwa kioo maana litateremka pembeni liingie ndani, halafu unazungusha kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza. Kitambaa kioshwe kwa sabuni kidogo bila ile ya kulainisha nguo, kianikwe ndani ya nyumba, kikae kwa kimfuko chake. Maji ya madirisha, spiriti ya hospitali na tishu ya choo hapana.

Weka filta ya kinga, kile kioo cha ziada, mbele ya lenzi. Kuna watu wanabishana kwamba inapunguza ubora wa picha, na ni kweli filta ya bei ya chini kabisa inaleta mwangaza wa ajabu ukipiga usiku, lakini kwa kazi zetu za matanga na mikutano ya hadhara ambapo vumbi linapanda mpaka kwa hema, mimi nachagua filta nzuri kila siku. Ikikwaruzwa unabadilisha filta, lenzi imebaki mzima.

Usibadilishe lenzi ukiwa umesimama kwa upepo. Ingia kwa gari, funga dirisha, zima kamera, elekeza ule mdomo wake chini, fanya haraka. Sensa, ile sehemu ya ndani inayonasa picha, usiiguse. Ina vidoti? Puliza tu. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi.

Kwa wenye wanaenda kupiga flamingo Ziwa Nakuru, Elementaita ama Bogoria: maji ya hayo maziwa ni ya magadi, na hata lile vumbi jeupe la ufuoni ni chumvi. Inakula chuma. Ukirudi osha miguu ya standi kwa maji safi, ifungue vipande vyake, ikauke kabisa kabla hujaikunja.

Stima na betri

Stima yetu ni volti 240, na shida yake kubwa ni vile inarudi. Inapotea saa mbili usiku, inarudi saa tatu na kishindo, inapotea tena, na chaja yako imekaa hapo kwa ukuta ikipigwa. Weka ile gadi ya friji ama ya tivii, ile inangoja dakika kadhaa stima itulie ndio ipitishe, na chomeka chaja, laptopu na hadi diski hapo. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kamera.

Matanga na harusi za ushago, mara nyingi stima ni jenereta. Simama karibu na balbu moja uitazame dijei akipiga besi: unaona inafifia halafu inawaka sana, inafifia, inawaka. Hiyo ndiyo inaingia kwa chaja yako. Kwa hivyo chaji betri zote nyumbani usiku uliotangulia, nenda na za kutosha siku nzima, na kama lazima utumie jenereta pitisha kwa yupiesi, lile boksi la betri linalotuliza stima, ama chaji pawabanki kubwa kwanza halafu pawabanki ichaji kamera, hapo kamera yenyewe iko mbali na hiyo vurugu.

Betri za lithiamu hazipendi vitu viwili: joto, na kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa kabisa ama zimeisha kabisa. Kama hutaitumia kwa wiki kadhaa iache karibu nusu, itoe kwa kamera, iweke na kifuniko chake. Usiache betri wala kamera kwa gari lililoegeshwa juani pale soko la Kibuye, dashibodi inaweza kupita nyuzi 60. Zile betri za bei ya kutupa zenye maandishi ya uwezo mkubwa kupita kiasi, kaa mbali nazo, zinafura. Betri ikifura, hata kidogo, hata kama bado inafanya kazi, imekwisha. Usiitoboe, usiichaji, itoe kwa kamera bila kulazimisha, iweke nje ya nyumba kwa mkebe wa chuma wenye mchanga mpaka uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Ikishika moto ukiwa unachaji zima stima kwanza kwa ukuta, halafu mwagia maji mengi ipoe, na usivute huo moshi, toa watu nje. Na usichaji ukiwa umelala, wala juu ya godoro.

Memori kadi

Hii kadi ndogo ndiyo iko na harusi ya watu. Soma kile kimeandikwa juu yake. Kadi ya V30 inaahidi kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, ile ya klasi 10 ni megabaiti 10. Sasa kamera ikirekodi 4K, ile video ya ubora wa juu, kwa megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 kila sekunde, maana biti nane ni baiti moja, umeona klasi 10 imeshindwa hapo, ndio maana kamera inajizima katikati ya kiapo na unalaumu kamera. Kwa kasi hiyo saa moja inakula gigabaiti 45, kwa hivyo kadi ya 64 inakupa saa moja na dakika kama 20. Piga hesabu yako kabla ya kutoka nyumbani. Mahubiri peke yake yanaweza kuimaliza.

Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, usiifomati kwa laptopu, na uifomati baada ya kazi kuwa imenakiliwa mahali pawili tofauti, diski mbili, si folda mbili za diski moja. Usitoe kadi wala betri wakati kale kataa ka kuandika kanawaka, bado inamalizia kuandika. Ukifuta kitu kimakosa acha kutumia hiyo kadi hapo hapo, usirekodi hata sekunde moja juu yake, kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec inaweza kurudisha mengi kama hakujaandikwa kitu kingine juu. Usinunue kadi barabarani bila kuipima. Jaza yote kwa video ndefu, kisha ifungue uone kama inacheza mpaka mwisho, zile bandia zinasema 128 na ndani ni 16.

Mpangilio unaookoa kazi

Kama video yako ya kanisani ina mistari inayopanda na kushuka, kamera si mbovu. Stima yetu inapiga mara 50 kwa sekunde, taa nyingi zinafuata huo mdundo, na kamera nyingi zinazoingia kutoka Marekani na Japani zimewekwa fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde, na shata ya 60, yaani kila picha inanaswa kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde. Badilisha iende kwa mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, shata moja ya 50, ama moja ya 100 kama mwanga ni mwingi. Taa nyingi zitatulia. Zile taa za LED za jukwaani zenye kuchezacheza bado zinaweza kusumbua, hapo unasogeza shata kidogo kidogo mpaka uone imetulia kwa skrini.

Halafu jua kikomo cha kamera yako. Kamera nyingi za picha za miaka iliyopita zinaacha kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, bila kukuambia. Kama wewe ni wa kupiga ibada nzima, bonyeza tena wakati wa wimbo, usingoje ijikate askofu akiwa katikati ya neno.

Na joto. Kamera ikirekodi 4K juani Kisumu saa saba, itaandika imechemka na kuzima. Isimamishie mwavuli, vuta skrini itoke kwa mwili wake ndio hewa ipite nyuma, na ukiwa hurekodi kitu zima. Jua lenyewe usilielekezee lenzi ndefu muda mrefu, lenzi inakusanya miale inachoma sensa, na ukichungulia kwa kile kidirisha cha kioo cha kamera za zamani utachoma jicho lako. Leza za kumbi za burudani na makongamano ya vijana ni hatari vile vile. Mwale mmoja ukiingia lenzi moja kwa moja unaacha mstari kwa sensa ambao hautoki. Uliza mwenye taa kama ana leza, na zikiwaka geuza kamera.

Laivu

Siku hizi karibu kila matanga kuna laivu ya jamaa walioko Marekani na Uingereza, na kamera inakaa imefungwa kwa waya mchana kutwa. Kile kishimo kidogo cha HDMI ndicho sehemu dhaifu kuliko zote. Mtu akijikwaa kwa waya mara moja kimeng'oka kutoka kwa bodi, na kukishika tena ni gharama. Funga waya kwa mguu wa standi kwa tepu, acha kitanzi kilicholegea kati ya hapo na kamera, ndio mvuto uishie kwa standi. Zima kamera kabla ya kuchomeka ama kuchomoa. Ukichukua sauti kwa miksa ya dijei, hakikisha ile volti 48 ya maiki imezimwa upande wako, na ushushe kiwango cha kuingia, sauti ya miksa ina nguvu kuliko ya maiki, itapasuka.

Mvua, radi na vijidudu vya ziwa

Kakamega mvua ya mchana unaijua. Beba mfuko wa plastiki mzito wa wazi na mpira wa kufungia, toboa mahali pa lenzi, funga mpira kuzunguka filta, umemaliza. Lakini radi ni kitu kingine na hapa nataka usikie vizuri, ukanda huu wa Ziwa Victoria ni mojawapo ya mahali radi hupiga sana duniani, na Kakamega na Kisii watu wamekufa. Wewe umesimama kwa uwanja wazi na standi ya chuma imezidi urefu wa kila mtu. Ukiona mwanga hesabu: ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, acha kila kitu, ingia kwa nyumba ya kweli ama gari la bodi ya chuma lililofungwa madirisha. Si chini ya mwembe, si chini ya hema la nguzo za chuma. Chomoa waya za laivu ukiwa na nafasi, ukikosa nafasi ziache. Kaa ndani mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Familia ikikasirika waelezee. Hakuna video inayofaa kifo cha pili kwa boma moja.

Vile vijidudu vya ziwa navyo, wa Dunga na Mbita wanavijua, vinainuka kwa wingu zima juu ya maji na usiku vinafuata taa. Ukiwasha taa ya juu ya kamera vinakuja usoni kwako na kwa lenzi, na ukivipangusa vikiwa vibichi vinaacha mafuta kwa kioo. Zima hiyo taa, weka taa nyingine kubwa mbali upande mwingine ivivute, na vile vimekaa kwa kioo vipulize, usiviponde.

Ikianguka kwa maji

Toa betri. Hicho ndicho kitu cha kwanza, kabla hujaipangusa, kabla hujasikitika. Usiiwashe kuona kama inafanya. Toa kadi, fungua milango yote, ipanguse, iache mbele ya feni, usitumie mashine ya kukausha nywele, halafu kwa kontena yenye silika siku mbili ama zaidi, na bado ipitie kwa fundi kabla ya kuiwasha. Kama ni maji ya magadi usingoje hizo siku mbili, peleka leo, fundi aioshe ndani kabla chumvi haijakauka kwa bodi. Soda na chai ya maziwa ni hivyo hivyo.

Na usiifungue mwenyewe. Kamera zenye fleshi ndani zina kapasita inayoweza kushika karibu volti 300 hata betri ikiwa nje, inarusha mtu.

Wewe na watu wako karibu

Waya zipite kando ya ukuta, na pale lazima zikate njia zibandikwe tepu ya kitambaa mwanzo hadi mwisho, maanake shosho mmoja akianguka kwa sababu ya waya wako hiyo sherehe imeisha. Standi ifungue miguu yote, mguu mmoja uelekee upande lenzi imeelekea, na tundika begi lenye uzito katikati kama kuna upepo. Ukirudi nyuma ukipiga maharusi wakiingia, uwe na msaidizi ameshika mshipi wako kwa nyuma anakuongoza, hasa zile ngazi za kanisa.

Kwa michezo ya fahali ya Kakamega, wale Waisukha na Waidakho, usiingie kwa duara kwa sababu ya picha ya karibu. Fahali akishindwa anageuka na kukimbia, na anapitia kwa watu. Tafuta mahali pa juu, tumia zumu, na kabla ya kusimamisha standi tazama watu wa pale wameacha njia wapi, hapo usikae.

Kwa nduthi kamera isifungwe kwa karia, mtikisiko unalegeza skuruu na ule mtambo wa ndani wa kutuliza picha, vaa begi kifuani. Stejini begi liwe mbele, na lisiandikwe jina la kamera kwa herufi kubwa. Andika serial namba ya kamera na ya kila lenzi, piga picha risiti, jitumie kwa barua pepe. Ikiibwa polisi watakuuliza hiyo namba.

Kuhusu ruhusa: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sura ya mtu inaweza kuhesabiwa kuwa data yake. Ukitaka kutumia video ya mtu kwa tangazo lako muulize, na mtoto aulizwe mzazi ama mlezi wake. Kwa matanga ongea na mwenyekiti wa kamati kabla jeneza halijafunguliwa, wakisema hapana, shusha kamera. Kambi za jeshi kama Lanet usielekeze lenzi huko hata kama unapiga machweo tu.

Ukipanda ndege pale uwanja wa Kisumu, betri za ziada ziende na wewe ndani, zisiingie kwa mzigo wa chini, kila moja imefunikwa midomo yake ya chuma. Mpaka wati-saa 100 mashirika mengi hayakuulizi ruhusa, kati ya 100 na 160 unaomba kwanza. Kupata hiyo namba zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 7.2 yenye 6600 mAh ni kama wati-saa 47.

Ukiwa bado na kanda za zamani za familia, VHS ama MiniDV, zisimamishe wima, mbali na spika kubwa maana sumaku inafuta, na tafuta mtu azihamishe kwa diski sasa, mashine za kuzicheza zinaisha.

Fundi

Ukienda kwa fundi toa kadi na betri ubaki nazo, piga kamera picha kila upande mbele yake, mwambie ukweli kama iliingia maji hata kama unaona aibu, ataanza mahali tofauti kabisa. Muulize atafungua nini na bei gani kabla hajashika bisibisi, na uombe kile kipande cha zamani alichotoa. Anayekuambia lenzi yenye fangasi inapanguswa nje ikaisha, chukua kamera yako uende kwa mwingine.